Bisibisi ikae kwanza ndo uzungushe: kwa wote tunaogusa skrubu ndogo

Juzi nimeletewa cherehani ya Butterfly, ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, mwenyewe ni mama anashona sare za shule, analalamika uzi unakatika kila baada ya shubiri moja. Kabla sijagusa kitu nikainama kuangalia zile skrubu mbili zinazoshika bamba la sindano, aisee, vichwa vimetafunwa utadhani panya wamelala navyo. Skrubu ya kulia ina mkwaruzo unaotoka kichwani kwake unakwenda moja kwa moja mpaka kwenye tundu la sindano, na pale mwisho wa mkwaruzo chuma kimenyanyuka kidogo, ukipitisha kucha unakisikia. Hapo hapo ndo uzi ulikuwa unakatikia. Yaani kuna mtu kabla yangu alitaka tu kutoa vumbi la pamba chini ya bamba, kazi ya dakika tano, bisibisi ikamteleza, na ugonjwa wote aliokuja nao yule mama ukaanzia pale.

Nimekaa kwenye hii kazi miaka mingi, nimeanza na cherehani kwa mjomba wangu Tanga, sasa hivi niko Dar nashika simu na kamera zaidi, na nakuambia skrubu nyingi zinazoletwa zimeharibika hazijaharibiwa na kutu wala uzee. Zimeharibiwa na bisibisi ambayo haikuwa yake. Tunanunua bisibisi mbili, flati moja na nyota moja, tunataka zifungue dunia nzima. Kwa kitanda cha mbao sawa. Kwa kitu kidogo, cha thamani, chenye skrubu nyembamba, haifai.

Naanza na flati kwa sababu ndo watu wanaidharau zaidi.

Chukua bisibisi yako ya flati ya kawaida, iangalie kwa ubavu, sio kwa uso. Utaona ncha yake imetengenezwa kama kabari, nene juu inakwenda ikipungua mpaka chini. Sasa angalia ule mfereji uliochimbwa kwenye kichwa cha skrubu, kuta zake zimesimama wima, mbili sambamba. Ukiingiza kabari kwenye mfereji wa namna hiyo inagusa wapi? Inagusa midomo ya juu tu, chini kote ni hewa. Ukianza kuzungusha nguvu yote inakwenda kwenye ile midomo miwili myembamba, na kwa vile umbo ni kabari yenyewe inajisukuma kupanda juu, kwa hiyo inapanda, inatoka, inakwaruza. Hata ukandamize vipi. Mkono wako hauna kosa hapo, ni umbo la ncha.

Waliolimaliza hili tatizo zamani ni mafundi bunduki. Zile bunduki za uwindaji zinazotengenezwa kwa mkono London, kama za kampuni ya Purdey ambao wapo tangu 1814, vichwa vya skrubu vimechorwa nakshi juu yake, na fundi anazikaza mpaka mifereji yote ikalala mstari mmoja kufuata mtutu. Mifereji yenyewe ni myembamba mno. Sasa fikiria uteleze pale, umeharibu nakshi ya mtu aliyeinama wiki kadhaa. Ndo maana fundi bunduki anachonga bisibisi kwa ajili ya skrubu, hachukui tu iliyopo mezani. Ncha inachongwa ili pande zake mbili ziwe sambamba pale mwisho, inaingia kwenye mfereji mpaka chini na kuujaza wote, inashika kuta nzima. Huko Marekani kuna kampuni ya Brownells, ilianzia Montezuma jimbo la Iowa mwaka 1939, wanauza vichwa vya bisibisi vya aina hiyo kwa upana na unene tofauti tofauti, kwa sababu skrubu mbili zenye upana mmoja zinaweza zikatofautiana unene wa mfereji. Huku kwetu silaha haiguswi na fundi asiye na kibali na mimi sigusi, ila ile elimu ya ncha ni ya kila mtu, na cherehani ya zamani inaihitaji sawasawa na bunduki, maana skrubu zake ni za aina ile ile, flati, mfereji mwembamba, chuma kigumu.

Basi kanuni ni hii, ncha inatakiwa ijaze mfereji kwa vipimo vitatu, upana, unene na kina. Upana, iwe karibu sawa na kipenyo cha kichwa, isizidi, maana ikizidi inakwaruza kilichopo pembeni hasa kama kichwa kimezama ndani, na ikipungua sana unabeba nguvu katikati tu na mfereji unapasuka. Unene, iingie kwa kubana kidogo, isicheze kushoto kulia. Kina, ifike chini.

Kupima sio shida. Kuna kile kifaa cha mafundi magari cha kupimia nafasi ya vavu, fila geji, yale majani ya chuma yaliyoandikwa unene, unachukua unachomeka jani moja moja kwenye mfereji mpaka upate linaloingia bila kucheza, hapo unasoma milimita 0.6 au 0.8 au ngapi, ndo unene unaoutaka. Kama huna fila geji tumia macho na kidole, ingiza ncha, achia mkono. Kichwa cha skrubu kikiwa kimeangalia juu na bisibisi yako fupi ikasimama yenyewe bila kuinama, uko karibu sana. Ikilala kama mlevi usiizungushe, tafuta nyingine.

Kuchonga ncha yako mwenyewe

Hapa nataka nikae kidogo maana watu wanaogopa na hamna cha kuogopa. Seti za kibunduki huku hazipatikani madukani kirahisi na kuagiza ni hela, lakini bisibisi za flati zilizochoka zipo kila nyumba, na chuma chake kikiwa kizuri unaitoa kitu cha maana.

Tafuta bisibisi iliyoandikwa Chrome Vanadium au S2, hizo ni aina za chuma kigumu, ncha iwe nene kuliko unavyotaka, kwa sababu unapunguza, huongezi. Ibane kwenye jiliwa, ncha iangalie juu, weka vipande vya mbao au ngozi ili meno ya jiliwa yasiing'ate. Jaribu kupitisha tupa. Tupa ikishika ikatoa unga, endelea na tupa. Tupa ikiteleza kama inapita kwenye kioo, hicho chuma ni kigumu, usiiue tupa yako, hamia kwenye jiwe la kunolea au lile bamba la almasi wanalouza kwa ajili ya visu.

Kata mwisho wa ncha kwanza uwe mraba, ulionyooka, umekaa kona kamili na mhimili wa bisibisi. Watu wanaruka hii hatua. Mwisho ukiwa mshazari ncha inagusa upande mmoja wa chini na bisibisi inasimama imeinama, na wewe bila kujua unaanza kuinamisha mkono. Baada ya hapo punguza pande mbili, pasi tano upande huu, pasi tano upande ule, hesabu kabisa, ili ncha ibaki katikati. Unachotafuta ni zile milimita mbili tatu za mwisho ziwe bapa na sambamba, zisiwe kabari. Ukiwa na tupa ya duara unaweza kuchimba kibonde kidogo kila upande juu tu ya ncha, ndo wanavyofanya wenyewe, kwa hiyo shingo inakuwa nyembamba na mwisho unabaki sambamba.

Sasa mbinu ambayo mjomba alinionyesha na sijaiacha. Chukua kalamu ya maka, paka ncha yote wino, acha ikauke, ingiza kwenye mfereji wa skrubu kavu ile ile unayotaka kuifungua, tikisa kidogo, toa. Angalia wino umefutika wapi. Umefutika juu peke yake, bado una kabari. Umefutika kona moja, mwisho wako sio mraba. Ukiona umefutika pande zote mbili kutoka juu mpaka chini, acha, umemaliza, usiongeze hata pasi moja. Mara ya kwanza nilipofanya hivi kwa skrubu ya meno ya kusukumia kitambaa kwenye Singer, nilipaka wino labda mara kumi na mbili, na ilipoingia ilitoa kile kisauti kidogo cha chuma kukaa kwenye chuma, tik, skrubu ambayo wenzangu wawili walishaishindwa ikatoka kwa vidole vitatu.

Ukitumia grainda badala ya tupa kuwa makini na moto. Gusa sekunde moja mbili, chovya kwenye maji, gusa tena. Chuma kikianza kugeuka rangi ya majani makavu bado uko salama, kikifika rangi ya bluu ugumu wa pale umeshaondoka, ncha itapinda kama bati. Ikitokea, kata ile sehemu ya bluu yote uanze upya nyuma yake.

Nyota sio moja

Kwenye nyota ndo kuna mtego ambao hata mafundi wakongwe wanaingia. Ile nyota ya kawaida ya pembe nne ni Phillips, jina la Henry Phillips wa Portland, Oregon, alipata hati zake za ubunifu mwaka 1936 na magari ya Marekani yakaanza kuitumia. Kuta za shimo lake zina mteremko, kwa hiyo ukizungusha kwa nguvu bila kukandamiza bisibisi inapanda na kutoka. Saizi zake ni namba, PH2 ndo ile kubwa ya nyumbani, PH1, PH0, halafu PH00 na PH000 za vitu vidogo. Kosa la kila siku ni kutumia PH0 kwenye skrubu ya PH1 kwa sababu tu inaingia. Kuingia sio kukaa. Ishike, itikise, kama inacheza ni ndogo.

Halafu kuna nyota ya Kijapani, inaitwa JIS. Kwa macho ni ile ile Phillips. Ila shimo lake limechongwa tofauti kidogo, na ncha nyingi za Phillips haziendi mpaka chini, zinaning'inia kwenye kona. Kamera za zamani za Nikon na Canon, pikipiki za Honda na Yamaha, redio za Kijapani za enzi zile, ndo kwao. Nyingi zina kidoti kimoja kidogo kilichochimbwa juu ya kichwa pembeni ya nyota, ukikiona hicho kidoti weka chini bisibisi yako ya Phillips. Ncha ya JIS inakaa vizuri kwenye Phillips, lakini kinyume chake hapana, kwa hiyo mtu mwenye hela ya seti moja tu ya nyota mi namshauri anunue ya JIS, Vessel ni ya Kijapani na wanazitengeneza vizuri. Wale wa pikipiki ambao kila siku wanalia na skrubu za kifuniko cha kabureta, jaribuni hii kabla hamjaenda kwenye patasi na nyundo.

Na Pozidriv, ile yenye vistari vinne vyembamba katikati ya nyota kubwa, hiyo ni ya Ulaya, utaikuta kwenye makabati ya kuunganisha na soketi za umeme. Ina bisibisi yake, PZ. Tusikae hapo.

Simu

Simu nyingi za Samsung, Tecno na Infinix ndani ni PH00 na PH000, umemaliza. iPhone ndo ina mambo. Zile skrubu mbili za chini pembeni ya tundu la chaji tangu enzi za iPhone 4 ni kiua cha petali tano, saizi P2, ncha ya 0.8 mm. Kuanzia iPhone 7 ya 2016 ndani wakaongeza miguu mitatu, Y000, ncha ya 0.6 mm. MacBook nyingi ni P5, petali tano hizo hizo ila 1.2 mm. Usijaribu flati ndogo kwenye petali tano, najua inazunguka, inazunguka mara mbili za kwanza halafu unabaki na shimo la duara. Wale wenye Nokia 3310 bado zinapiga kazi, hiyo ni Torx, nyota ya pembe sita, saizi T6.

Kwenye simu hatari kubwa kuliko kula kichwa ni kurudisha skrubu sehemu isiyo yake. Kwenye ile kava ya chuma inayoshika nyaya za skrini, skrubu zinafanana rangi na kichwa, urefu ndo unatofautiana, wakati mwingine nusu milimita. Ukirudisha ndefu kwenye tundu la fupi, inapita, inachimba bodi chini na kukata njia za umeme, simu haiwaki tena au inawaka skrini bluu, na mteja alikuja kubadilisha kioo tu. Nimeokoa bodi za namna hiyo chini ya hadubini kwa waya mwembamba kuliko unywele na sio zote zimepona. Kwa hiyo chora. Chukua karatasi, chora umbo la simu vibaya vibaya tu, kila skrubu unayotoa ibandike kwa selotepu pale pale ilipotoka kwenye mchoro. Mikeka ya sumaku yenye mistari ni mizuri, ila karatasi na selotepu haijawahi kuniangusha, na umeme ukikatika katikati ya kazi au mtoto akigonga meza hamna kilichopotea.

Namna ya kuzungusha

Kwanza kabisa kitu kisishikwe mkononi. Hii nasema kwa uchungu maana nina kovu kwenye kiganja cha kushoto, chini ya kidole gumba, nilikuwa nimeshika boksi ya bobini, kile kikasha cha uzi wa chini wa cherehani, mkono mmoja na bisibisi mkono mwingine, ikateleza ikaingia, nikashonwa nyuzi tatu na wiki mbili sikufanya kazi. Weka kwenye jiliwa yenye ngozi, au juu ya mkeka wa mpira, au kwenye kiota cha taulo iliyokunjwa, lakini mezani, na mkono wa pili ukae nyuma ya ncha, kamwe sio mbele yake.

Simamisha bisibisi wima kabisa. Kaa juu yake. Kitende kikandamize chini, vidole ndo vizungushe, na kukandamiza kuwe kwingi kuliko kuzungusha, hasa nyota. Ndo maana bisibisi nzuri za vitu vidogo zina kifuniko kinachozunguka mgongoni, unaweka kidole cha shahada pale juu unakandamiza huku gumba na cha kati vinazungusha.

Na skrubu ikigoma, usiifungue. Ikaze. Kaza kidogo tu, nywele moja, ndo ugeuze kufungua. Ile kutu imeshika thredi upande mmoja, ukiisukuma upande wa pili inavunjika, unasikia kabisa krak ndogo. Sisi tunaokaa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, chumvi ya hewa inafunga skrubu hata kwenye kitu kilichokaa kabatini, kwa hiyo mafuta ni lazima. WD-40 watu wanaipenda, na kwa kutu nyepesi inasaidia, lakini usitarajie itapenya kila kitu. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi kidogo, tone moja kwenye kichwa, uache mpaka kesho, yamenifungulia cherehani nyingi. Tone moja, sio kumwaga. Na usiweke karibu na bodi ya umeme wala lenzi ya kamera.

Ikigoma na mafuta, tumia joto. Pasi ya kuchomelea risasi, ile ile ya bodi, iweke juu ya kichwa cha skrubu dakika moja hivi, iache ipoe, jaribu. Chuma kinatanuka na kunywea, gundi kama ipo inalainika. Kama skrubu imekaa kwenye plastiki usikae muda mrefu.

Saa za mkononi nitasema jambo moja tu. Bisibisi za saa zina rangi kwa upana, zile za Bergeon za Uswisi njano ni 0.8 mm, nyeusi 1.0, nyekundu 1.2, na wengi wanafuata rangi hizo. Ila kwa saa ya kutia ufunguo, isiyotumia betri, usitumie bisibisi yenye sumaku, ile springi nyembamba kama unywele ndani ikishika sumaku duru zake zinagandana na saa inaanza kukimbia, dakika kadhaa kwa siku. Sumaku ni ya simu.

Skrubu iliyokwisha kuliwa

Usiendelee kuijaribu na bisibisi ile ile iliyoila. Kila ukijaribu unaisogeza mbali zaidi. Nenda kwa mpangilio kuanzia kisichoharibu. Kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kati ya ncha na kichwa, kandamiza sana, zungusha polepole, kwa zile zilizoliwa kidogo inafaa. Ikishindwa, ile pesti ya kusagia vavu inayouzwa kwenye vipuri vya magari, paka kidogo kwenye ncha, chembe zake zinang'ata chuma na bisibisi haitelezi, hii inanishangaza mpaka leo jinsi inavyofanya kazi, ila uifute yote baadaye maana ikiingia kwenye sehemu inayozunguka inasaga kama ilivyotengenezwa kusaga. Ikishindwa hiyo, kata mfereji mpya kwa msumeno mwembamba, na hapo ndo unachonga flati kwa unene wa ule msumeno, umeshajua namna. Kutoboa ni mwisho wa mwisho.

Kurudisha

Ukirudisha, zungusha kwanza kinyume, kama unafungua, taratibu, mpaka uisikie inadondoka kidogo kwenye mdomo wa thredi, ndo uanze kukaza. Kwenye plastiki hii ni lazima, ukianza tu kukaza inachimba thredi mpya juu ya ya zamani na mara ya tatu tundu linabaki pana. Kaza mpaka kichwa kikae, halafu kidogo, basi. Skrubu inayotikiswa, kama ya guu la cherehani, ukitaka isilegee tumia Loctite, gundi ya kushika thredi, ile ya zambarau, 222, ndo ya skrubu ndogo, ile nyekundu iache kwa injini. Rangi ya kucha nayo inafanya kazi, mjomba hakuwahi kutumia kingine.

Ukipoteza skrubu ya Singer usibandike ya kawaida ya dukani eti inafanana. Singer walikuwa na thredi zao wenyewe, sio za milimita na nyingi sio za inchi za kawaida, ukilazimisha unaua tundu la mwili na mwili haubadilishwi. Toa kwenye mashine iliyokufa, kila mtaa wenye mafundi cherehani una mtu ana kopo la skrubu hizo.

Na ile skrubu ya katikati kwenye boksi ya bobini, sio ile ndogo ya pembeni, ndo ya kurekebisha ukali wa uzi wa chini, na hiyo inahitaji ncha iliyokaa kabisa kwa sababu unaizungusha robo, wakati mwingine nusu ya robo. Baada ya kila robo shika uzi, uning'inize boksi, utikise mkono kidogo, iteremke kidogo na kusimama. Ikianguka moja kwa moja imelegea, isipoteremka kabisa imebana. Ile ya yule mama wa sare niliizungusha mara tatu namna hiyo, nikasugua ule mwinuko kwenye bamba kwa msasa mwembamba mpaka kucha isisikie, zile skrubu mbili nikamtolea kwenye kopo langu, nikachonga ncha ya kuzikaza na hiyo bisibisi nikampa aondoke nayo, iko kwenye droo ya cherehani yake sasa.